Sura ya Nne: Mizani Kabla ya Mlima

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, kwenye ukumbi wa kanisa jijini Nairobi, kijana wa miaka 16 alitua shanta lake juu ya mizani ya kupimia magunia. Mshale ukasimama kwenye 19. Yeye mwenyewe alikuwa na kilo 51. Tukamwomba amwage vyote mkekani. Zikatoka suruali mbili za jinzi, spika ya muziki, taulo zito la kuogea, kufuli, karanga za kusaga za kutosha harusi, na kopo la rangi ya viatu pamoja na brashi yake.

"Rangi ya viatu ya nini?"

"Mwalimu, si tunaenda kulala nje siku saba?"

Amesoma bweni tangu akiwa mdogo. Kwake yeye kulala nje ya nyumbani ni bweni, na bweni ni viatu vinavyong'aa kabla jua halijachomoza. Wenzake walicheka mpaka zamu zao zilipofika. Binti aliyecheka kuliko wote alikuwa amefungasha kioo cha ukutani.

Katika sura zilizotangulia nilizungumzia matembezi ya siku moja, yale ambayo ukikosea unarudi nyumbani jioni ukiwa umechoka na umenyeshewa, basi. Sura hii ni ya safari ya siku kadhaa, mahali ambapo hakuna duka, hakuna matatu, na mtu akiugua usiku atabebwa kwa mabega ya wenzake. Nitatumia mfano mmoja tu, Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, kwa sababu ndio ninaoujua kwa miguu yangu, na kwa sababu ndio ulionifundisha kwa fimbo.

Vilele vyake vikuu ni vitatu. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya wapanda miamba wenye kamba. Lenana, mita 4,985, mtu wa kawaida mwenye afya anaweza kukifikia kwa kutembea, na ndicho watu humaanisha wanaposema wamepanda Mlima Kenya. Ni pale Lenana ambapo Kisoi Munyao alipeperusha bendera ya taifa nchi ilipopata uhuru Desemba 1963, na karibu kila kijana niliyempeleka amelijua jina hilo tangu shule ya msingi. Hamu ya kufika ipo tayari. Kazi ya kiongozi ni kalenda, mizani, sufuria na hesabu ya watu wazima.

Nianze na kalenda, kwa kuwa ndiyo huharibu safari nyingi kabla hazijaanza. Shule zetu hufungwa Aprili, Agosti, kisha Novemba hadi Desemba. Masika hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei, na vuli huanza Oktoba na kuingia Desemba. Miezi mizuri ya mlima ni Januari na Februari, halafu Julai mpaka Septemba. Ukiziweka orodha hizo mbili sambamba utaona kwamba likizo iliyobaki ni ya Agosti. Kila mwaka hupigiwa simu na mwalimu anayetaka kwenda Aprili kwa sababu basi la shule lina nafasi. Aprili njia ya Naro Moru huwa tope la magotini, na juu ya mstari wa miti mvua hugeuka theluji. Sirimon iko upande mkavu zaidi wa mlima, lakini mkavu si neno la kuliamini mwezi wa Aprili. Wapelekeni watoto kwingine, mlima uwasubiri.

Sasa kosa langu. Mara ya kwanza nilipopeleka kikundi, nilipanga safari kutokea kwenye basi. Basi lilipatikana Jumatano mpaka Jumamosi, kwa hiyo mlima nao ukapewa Jumatano mpaka Jumamosi. Tulitoka Nairobi alfajiri, tukafika lango la Sirimon mchana, tukatembea kilomita tisa na kulala Old Moses, mita 3,300. Kesho yake tukavuka mabonde mawili, tukalifuata Bonde la Mackinder kupita katikati ya ile mimea mirefu yenye vichwa kama kabichi zilizokaushwa, mpaka kambi ya Shipton, mita 4,200. Hesabu ilikuwa safi kwenye karatasi. Mtu aliyelala Nairobi kwenye mita 1,700 usiku wa Jumanne, alikuwa analala kwenye mita 4,200 usiku wa Alhamisi.

Aliyeanguka hakuwa mnyonge wa kikundi. Alikuwa mkimbiaji, bingwa wa mita 1,500 shuleni kwao, aliyefika kambini saa nzima kabla ya wengine na kurudi kuwasaidia wasichana mizigo. Jioni hakutaka chakula. Nikadhani ni uchovu. Saa mbili usiku nilimkuta nje ya hema ameinama, anajaribu kufunga kamba za viatu, vidole vinapapasa kama vya mlevi. Kiongozi wetu wa mlima, mzee wa Nanyuki asiyependa maneno mengi, alimsimamisha na kumwambia atembee akiunganisha kisigino na ncha ya kiatu kwenye mstari aliouchora kwa fimbo. Hatua ya tatu akapepesuka.

"Mwalimu," mzee akaniambia, "huyu halali hapa."

Tulishuka naye usiku ule ule, mzee mbele na tochi, mimi nyuma nimemshika mkanda. Kulipopambazuka tulikuwa tunakaribia Old Moses, na kijana akaomba chai. Hivyo ndivyo ugonjwa wa mwinuko ulivyo. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, na mara nyingi kushuka mita mia chache tu huonyesha tofauti. Ukichelewa, maji huingia mapafuni au ubongo huvimba, na hapo si habari ya kuumwa kichwa tena, ni ya kufa. Mlima Kenya una mtego wake katika jambo hili. Barabara inakufikisha juu sana haraka sana, na njia ni nzuri kiasi kwamba vijana wenye nguvu hupanda haraka kuliko damu yao inavyoweza kuzoea hewa nyembamba. Mapafu ya mkimbiaji hayampi kinga yoyote. Pengine humponza, maana yeye ndiye anayewahi.

Lakini lililoninyima usingizi baadaye lilikuwa jambo jingine. Mimi na mzee tulipokuwa tunashuka, vijana 11 walibaki mita 4,200, usiku, kwenye baridi chini ya sufuri, na mtu mzima mmoja. Kama mwingine angeugua saa saba usiku, yule mwalimu mwenzangu angemwacha nani na nani?

Tangu siku ile hupanga kwa kuanzia mwisho, yaani kwa kuuliza mtu aliyeshindwa anarudije. Mgonjwa mmoja anashushwa na watu wazima wawili, mmoja wa kumsaidia na mmoja anayeijua njia. Wanaobaki nao wanahitaji wawili, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo vijana 12 hawapandi na chini ya watu wazima wanne, wawili kati yao wakiwa viongozi wa mlima waliosajiliwa, na angalau mmoja awe mwanamke. Ukishindwa kulipia wanne, punguza vijana. Wapagazi siwahesabu humo. Wao wana kazi yao, na mwenye kilo nyingi mgongoni usimpe na mtoto wa kulinda.

Vijana 12 nao huwagawa makundi mawili ya sita. Hilo linaendana na Tuzo ya Rais, mpango ulioanza nchini mwaka 1966, ambao kikundi chake cha safari huwa na watu wanne hadi saba. Anayetafuta ngazi ya Dhahabu hutakiwa kusafiri siku nne na kulala usiku tatu, kwa wastani wa saa nane za kazi kila siku. Walimu wengi huzisoma hizo siku nne kama ratiba ya mlima. Ni kima cha chini cha tuzo. Mapafu ya mwanafunzi hayakushauriwa ilipoandikwa.

Ratiba yangu ya sasa ni ya siku saba, na ya nane ya akiba. Usiku wa kwanza tunalala langoni, mita 2,650. Wa pili, Old Moses. Siku ya tatu tunapanda mita mia nne hivi bila mizigo, tunakula mandazi tukiangalia mawingu chini yetu, kisha tunarudi kulala pale pale Old Moses. Siku ya nne Liki North, karibu mita 4,000. Ya tano Shipton. Ya sita Lenana na kurudi Shipton. Ya saba tunashuka kilomita 23 mpaka langoni, na hapo magoti ndiyo husema. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Old Moses mpaka Liki North ni karibu mita 700, zimezidi, ila ule usiku wa pili pale Old Moses umekwisha kuzilipia sehemu. Siku ya nane huwa haitumiki. Wazazi huuliza kwa nini wanailipia. Huwaambia wanailipia ili nisimharakishe mtoto wao.

Saa za kutembea pia huhesabiwa mezani. Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892 aliweka kipimo ambacho bado kinatumika: saa moja kwa kila kilomita tano, na nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka Old Moses moja kwa moja mpaka Shipton ni kilomita 14, na ukihesabu mabonde unayoshuka na kupanda tena, Naismith atakupa kama saa tano. Vijana wenye mizigo, wanaosimama kupiga picha, kuvua sweta, kuvaa sweta na kugombania chokoleti, wape saba hadi nane.

Kipimo bora kuliko cha Mskoti ni Mlima Longonot. Wiki sita kabla ya safari tunaenda kule, mita 2,776, kila mmoja na shanta lake kamili, tunapanda hadi ukingoni na kulizunguka shimo lote. Simwambii mtu kwamba napima. Naandika saa ya mtu wa kwanza na saa ya mtu wa mwisho. Ya kwanza naitupa. Ya mwisho ndiyo saa ya msafara, na mwenye saa hiyo, siku ya mlima, ndiye huwekwa mbele ili awaongoze wengine kwa mwendo wake. Mabingwa hununa siku ya kwanza. Wakifika Liki North wanaanza kuelewa, na wengine huomba kutembea nyuma yake kabisa.

Longonot ndiko viatu vya mitumba vya soko la Gikomba hujulikana pia. Sina ubishi na mitumba. Karibu kila sweta zuri la manyoya na kila suruali ya theluji iliyofika Lenana na vikundi vyangu ilitoka Gikomba kwa bei ya nauli. Tatizo ni buti. Buti la mlima lililokaa kabatini Ulaya miaka kumi huonekana jipya, ngozi inang'aa, lakini sifongo iliyo kati ya ngozi na soli imekwisha kuoza kwa ndani. Unatembea saa mbili, soli inafunguka kama mdomo wa mamba. Nimeona ikitokea kwa viatu vitatu siku moja. Ukinunua, likunje buti kwa nguvu pale pale mbele ya muuzaji, bonyeza kwa kidole gumba pembeni juu ya soli, na ukiona nyufa au unga, rudisha. Kisha lipeleke kwa fundi alishone kuzunguka, usiridhike na gundi. Jinzi sizikubali kabisa. Zikilowa huwa nzito, hazikauki, na zinamnyonya mtu joto usiku kucha.

Kuhusu uzito wa shanta, kijana asibebe zaidi ya moja ya tano ya uzito wake. Yule wa kilo 51 alistahili kilo kumi, akaondoka na kumi na nusu baada ya mabishano marefu juu ya spika. Vinavyobaki, hasa mahema, gesi na chakula cha siku za juu, hubebwa na wapagazi. Wapo wanaosema kijana akibebewa hajifunzi. Nami niliwahi kusema hivyo, nikiwa sijabeba kilo 16 kwenye mita 4,000.

Chakula. Mwaka 1943 wafungwa watatu Waitaliano walitoroka kambi ya Waingereza Nanyuki kwa sababu moja tu, kwamba mlima ulikuwa unawaangalia kila asubuhi. Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walidunduliza mgao wao wa chakula kwa miezi, wakajitengenezea vifaa vya barafu kutokana na vyuma chakavu, na picha moja waliyoitegemea kuujua mlima ilikuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Barsotti aliugua akabaki kambini. Wengine wawili walijaribu kilele cha Batian wakashindwa, wakachomeka bendera yao Lenana, kisha wote watatu wakarudi na kujisalimisha kambini, siku 18 baada ya kutoroka. Ni kisa cha kusisimua, nami huwasimulia vijana usiku wa kwanza. Lakini humalizia kwa sehemu ambayo wasimuliaji wengi huiruka: chakula kiliwaishia, wakashuka mlima wakiwa na njaa kali. Walijiandaa vizuri kwa kupanda.

Hesabu yangu ni gramu 750 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku. Watu 16 kwa siku saba ni kilo 84. Halafu linakuja swali la sufuria. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda, kama digrii moja pungufu kwa kila mita 300. Nairobi yenyewe maji huchemka kwenye 94 hivi. Shipton ni 86. Maharage kwenye digrii 86 hayaivi. Utachoma gesi ya siku mbili na bado yatagonga kwenye sahani kama kokoto. Githeri usiifikirie, labda ile iliyokwisha kupikwa na kukaushwa. Wali huiva nusu nusu. Vinavyokubali ni uji wa wimbi, tambi nyembamba, kamande zilizomenywa, viazi vya kuponda vya unga, mayai ya kuchemsha yaliyopikwa Nanyuki, na dagaa wa kukaanga. Ugali unakubali ukiwa na mpishi mwenye mkono, maana hapo kazi ni ya mwiko kuliko ya moto. Chumvi na sukari ongeza. Juu kule watu hupoteza hamu ya kula, na kijana asiyekula ndiye dalili yako ya kwanza, kwa hiyo mpike wanachokipenda. Kikundi kimoja kilinishinda nguvu, tukapanda na chapati 160 zilizopikwa na mama zao. Siku ya tano zilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, na hakuna iliyobaki.

Moto wa kuni hauruhusiwi mbugani, kwa hiyo ni gesi. Mtungi wa kilo sita, ule wa meko, hubebwa na mpagazi na hutosha jiko kubwa. Ile mitungi midogo ya kambi, kama ni ya butani tupu, hugoma kwenye baridi ya alfajiri kwa sababu butani haigeuki mvuke chini ya sufuri. Lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Chupa za maji za kutupwa na plastiki nyingine za kutumika mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu 5 Juni 2020, na askari wa shirika la wanyamapori, KWS, langoni hukagua. Mwambie kila mtoto mapema aje na chupa mbili ngumu za lita moja, la sivyo utashinda langoni ukimwaga maji. Na chakula cha usiku kifungeni ndani ya kitu kigumu. Pimbi wa Shipton wamezoea watu, wananenepa kwa jasho la wageni, na wanajua zipu.

Fomu ya afya usiigawe siku ya kuondoka. Igawe miezi miwili kabla, irudi na sahihi ya mzazi na ya daktari. Pumu, kifafa na kisukari huulizwa kila mahali. Ongeza selimundu. Katika nchi yenye watu wengi wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa, swali hilo si la kupamba fomu. Mwenye ugonjwa huo haendi mwinuko wa namna hii. Aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye anaweza kuishi bila kujua, apimwe na daktari aseme. Niliwahi kumrudisha kijana kwa sababu hiyo baada ya mazoezi yote, akalia, na mama yake akanichukia kwa muda. Siombi radhi.

Hedhi izungumzwe waziwazi, na mwalimu wa kike aizungumze na wasichana peke yao, kisha aseme mbele ya wote mahali sodo za akiba zilipo ili asiwepo wa kuomba kwa kunong'ona. Mwinuko na uchovu hubadilisha siku. Kila msichana abebe za kutosha hata kama hategemei, na mfuko mzito wa kitambaa wa kurudishia zilizotumika, maana hakuna kinachoachwa mlimani. Na wavulana nao walisikie hilo la mifuko, kwa sababu karatasi zao za choo hazina ubora wowote kuliko sodo.

Mkutano wa wazazi ndio sehemu niliyoiogopa zaidi na sasa ndiyo niipendayo. Wanauliza simba. Wanauliza baridi. Bibi mmoja kutoka Nyeri, aliyekuja badala ya mama wa kijana, alisikiliza yote kisha akasema wazee wao waliuelekea Kirinyaga wakiomba, hawakuupanda, na sisi tunaupanda tukienda kuomba nini? Sikuwa na jibu. Nilimwomba atuombee, akakubali, na akatia sahihi. Swali ambalo huwa hawaulizi ni hili, na mimi huliuliza kwa niaba yao: mtoto wako akishindwa na kurudishwa, utampokeaje? Nimeona vijana wakificha maumivu ya kichwa kwa sababu ya baba aliyekwisha kutangaza Lenana kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Mzazi akinihakikishia mbele ya mwanawe kwamba kurudi si aibu, kazi yangu ya mlimani imepungua nusu.

Kwa hiyo mambo magumu tunayaandika pale pale ukumbini, tukiwa tumeshiba na hewa ni tele. Mwenye kichwa kinachouma hapandi zaidi mpaka kiache. Anayepepesuka anashuka saa hiyo hiyo, usiku au mchana, bila kikao. Siku ya kilele, saa tatu asubuhi popote tulipo tunageuka, hata kama Lenana iko umbali wa kutupa jiwe. Vijana wote hutia sahihi, nami pia, na kiongozi wa mlima hupewa nakala pamoja na mamlaka ya kunigeuza mimi. Juu kule akili huwa nzito, na mtu mzima aliyelipiwa safari na watu wengine ana sababu nyingi za kutaka kufika.

Nitaje na jambo moja ambalo viongozi wengi wa mlima hawakubaliani nami. Desturi ni kuondoka Shipton saa nane au tisa usiku ili kuona jua likichomoza kutoka Lenana. Changarawe huwa imeganda, rahisi kukanyaga, na picha ni nzuri. Lakini kijana wa miaka 15 gizani, kwenye baridi kali, usingizini, hawezi kukueleza anajisikiaje, na wewe huuoni uso wake. Naondoka saa kumi na moja. Jua linatukuta njiani, tunaonana nyuso, na tukifika saa mbili hadi tatu kwa kawaida mawingu bado hayajafunga. Tunapoteza macheo ya kileleni. Vijana hulalamika, huwapa chai.

Yule mkimbiaji alirudi mlimani miaka mitatu baadaye, kwa ratiba ya siku nane, akitembea nyuma ya mtu wa mwisho. Alifika Lenana saa mbili na dakika arobaini.

Ukiwa na kikundi na bado hujaandika tarehe, usipige simu ya basi kwanza. Azima mizani ya magunia, mwite kila mmoja na shanta lake, mkeka utandikwe, na umwombe amwage.